Mama Stoo Amtafuta Mkubwa wa Mwanawe

Jina la Mama Stoo alipewa na wapakizi wa kiwanda cha rangi, likamganda hadi majirani wakasahau kama wazazi wake waliwahi kumwita vingine. Alitunza stoo ya kiwanda kile miaka ishirini na saba. Kilikuwa chumba kirefu chenye dirisha la nondo, na kupitia dirisha hilo alitoa glavu, ovaroli, viatu vya mpira, brashi na matambara ya kufutia mikono, na kila kilichotoka alikiandika kwenye daftari kabla mtu hajaondoka. Alikuwa amestaafu mwaka wa nne sasa, lakini bado alidhani vidole vyake vinanuka tapentaini. Mwanawe alimwambia vinanuka kitunguu tu.

Kazi ile aliipata kwa kushikwa mkono. Shangazi yake alikuwa akifagia ofisi za kiwanda, na asubuhi moja akampeleka mbele ya meneja na kusema kwamba huyu ni mtoto wa kaka yake, anajua kuandika, na si mdokozi. Meneja alimtazama juu mpaka chini, akamwuliza kama ataweza kukaa na watu wenye midomo michafu. Akajibu kwamba amekulia katikati ya kaka watano. Kesho yake akaanza. Maombi, usaili na mkataba, vyote viliishia hapo.

Hakuwa mtu wa kuisifia zamani bila kupima. Meneja yule alikuwa mkali, na ukali wake haukuchagua mtu. Mara moja alimsimamisha mbele ya meza saa nzima kwa sababu ya jozi arobaini za glavu zilizokosekana, akamsema mpaka makarani wa chumba cha pili wakaacha kazi ili wasikilize. Glavu zilipoonekana nyuma ya mapipa, hakumwomba radhi. Alisema tu arudi stoo. Lakini mumewe Mama Stoo alipofariki, ni meneja huyohuyo aliyetoa lori la kiwanda, akaja mwenyewe msibani, akakaa na wafiwa siku mbili akikohoa pembeni bila kumsumbua mtu. Mama Stoo alimchukia na kumheshimu kwa zamu, na zipo siku alizofanya yote mawili kabla ya chakula cha mchana.

Watoto wake wakubwa walikuwa na nyumba zao. Aliyebaki naye ni kitindamimba, mwanamume wa miaka thelathini na miwili, mrefu, mpole, mwenye shahada iliyofungiwa kwenye fremu juu ya kabati. Alikuwa ameshafanya kazi sehemu sita, na hakuna hata moja ambayo mama yake aliwahi kuiona kwa macho. Ya sasa ndiyo iliyomshinda kabisa kuielewa, kwa sababu ilifanyika chumbani. Kitindamimba aliketi mbele ya kompyuta, visikizi masikioni, akajibu malalamiko ya watu wa nchi za mbali walionunua friji, pasi na mashine za kufulia. Alimjibu mtu ambaye friji yake haigandishi, akamjibu ambaye pasi yake imechoma shati la harusi, na kila jibu lilipimwa lilichukua dakika ngapi. Kwenye karatasi za kampuni hakuitwa mfanyakazi. Aliitwa mshirika.

Mama Stoo alijifunza kuishi na kazi hiyo kama mtu anayeishi na mgonjwa ndani ya nyumba. Alitembea pekupeku. Aliacha kutwanga kabla ya saa tisa. Jirani akija kupiga soga alimpeleka uani, wakaongea kwa kunong'ona kama wanaosengenya, na mara nyingi kweli walikuwa wakisengenya. Miaka miwili na nusu ilipita hivyo. Kitindamimba alikonda kidogo, macho yakamwingia ndani, lakini umeme ulilipwa na dawa za magoti ya mama zilinunuliwa, na hakuna aliyelalamika.

Jumanne moja aliamka kama kawaida, akanywa chai, akaingia chumbani. Baada ya dakika chache akatoka tena, akasimama mlangoni mwa jiko.

Mama yake akamwuliza kama umeme umekatika.

"Hapana. Imenikataa."

Kilichomkataa ni kompyuta. Alikuwa ameandika neno lake la siri, na badala ya kufunguka, ikamletea mstari mmoja: akaunti yako imesitishwa, tunakushukuru kwa ushirikiano wako. Akaandika kuuliza sababu. Akajibiwa papo hapo kwamba swali lake limepokelewa. Akaandika tena mchana, na tena jioni, na kila mara alijibiwa papo hapo kwamba swali lake limepokelewa.

Siku tatu alishinda kitandani, mikono nyuma ya kichwa, akiitazama dari. Mama Stoo alimpelekea chakula, akakirudisha kimeguswa tu. Siku ya nne akaketi ukingoni mwa kitanda na kuanza kumhoji, kwa utaratibu, kama alivyokuwa akiwahoji wapakizi waliodai wamepoteza glavu. Je, aligombana na mtu? Hapana. Alimjibu mteja vibaya? Hapana. Alichelewa? Mara moja, mwaka jana, mvua ilipoangusha nguzo.

"Basi mkubwa wako ni nani, tumwendee?"

"Sijui, mama."

"Hujui anaitwa nani?"

"Anasaini kwa herufi mbili. Na kwenye picha yake kuna mlima."

Mama Stoo alijaribu kumwona mtu huyo wa herufi mbili, akashindwa hata kumvalisha shati.

Jumatatu iliyofuata alikata shauri bila kumwambia mtu. Kwenye kabati kulikuwa na nakala ya mkataba ambayo kitindamimba aliwahi kuichapisha ili aipeleke benki. Aliisoma ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho akiwa amevaa miwani, akaelewa robo yake, na mwishoni kabisa, kwa maandishi madogo, akakuta kitu anachokijua: jina la mtaa, namba ya jengo, ghorofa ya nne. Kumbe watu hawa wana mlango. Alivaa gauni lake la buluu nzito, lile la misibani na maofisini, akamwambia mwanawe anakwenda kliniki kuonyesha goti, akatoka.

Jengo lilikuwa la vioo kutoka chini hadi juu. Ghorofa ya nne ilikuwa na zulia la kijivu, mimea ya plastiki, na meza ndefu ambayo nyuma yake aliketi msichana mwenye kilemba kilichofungwa vizuri na uso wa mtu asiyelala vya kutosha. Ukutani nyuma yake kulikuwa na ubao wenye vibandiko vya majina ya kampuni, kimoja chini ya kingine, kama orodha ya wanafunzi waliofaulu. Mama Stoo aliipata kampuni ya mwanawe kwenye mstari wa tatu kutoka chini, na moyo ukamtulia.

Msichana akamwamkia, akamwuliza ana miadi na nani. Mama Stoo alieleza kwamba hana miadi, ila ana mtoto anayefanya kazi kwenye kampuni ile pale ukutani, amesimamishwa bila kuambiwa kosa, naye amekuja kuongea na mkubwa wao. Alisema yuko tayari kusubiri. Amewahi kusubiri kwenye benchi la meneja tangu asubuhi mpaka king'ora cha jioni, kwa hiyo wasimwonee haya.

Msichana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akamwomba amfuate, akampeleka kwenye chumba cha pembeni ambamo ukuta mzima ulikuwa wa visanduku vidogo vya mbao, kila kimoja na namba. Akagusa kimoja.

"Mama, kampuni ya mwanao ni hii hapa."

Ndani ya kisanduku mlikuwa na bahasha tatu na kalenda ya mwaka uliopita ikiwa bado ndani ya plastiki.

Ilibidi aelezewe mara mbili. Kampuni arobaini na tatu zilikodi anwani pale ghorofani. Nyingine zilileta mtu mara moja kwa mwezi, nyingine hazijawahi kuleta mtu tangu msichana aanze kazi. Simu zote arobaini na tatu zililia kwenye meza yake, naye alipopokea alitaja jina la kampuni iliyopigiwa kana kwamba ameketi kwao. Mama Stoo akamwuliza yeye ameajiriwa na ipi kati ya hizo.

"Hakuna. Nimeletwa na wakala. Kila mwezi wananiambia kama mwezi ujao nipo."

"Na wakala wako umewahi kumwona?"

Msichana alicheka kidogo, akaonyesha simu yake mezani kwa kidevu.

Mtu mwingine angeaga na kuondoka. Mama Stoo aliomba karatasi. Kwa miaka ishirini na saba hakuna kilichofika stoo au kutoka stoo bila maandishi, na hakuona sababu ya kurudi nyumbani mkono mtupu. Alikaa kwenye kochi la wageni, akaweka mkoba magotini kama meza, akaandika polepole kwa mwandiko wake ulionyooka:

"Kwa Mkuu wa Kampuni. Mimi ni mama mzazi wa kijana mnayemwita mshirika. Amewatumikia miaka miwili na nusu nami ni shahidi, kwa sababu analia na kucheka kwenu akiwa ndani ya nyumba yangu. Si mwizi, si mlevi, hajatukana mtu. Kama amekosa, mwambieni kosa lake kama watu wanavyoambiana. Kama hajakosa, mwambieni pia. Wenu, Mtunza Stoo Mstaafu."

Chini akaandika namba ya simu ya mwanawe, kwa kuwa yake ilikuwa ikizima yenyewe. Msichana aliisoma barua, akainamisha kichwa. Alisema ataitia kisandukuni, lakini pia ataipiga picha na kuituma kwenye barua pepe ya kampuni, maana kisanduku hakifunguliwi. Alimsindikiza mpaka kwenye lifti, akambonyezea kitufe.

Jibu lilifika siku iliyofuata wakati Mama Stoo akichambua mchele uani. Kitindamimba alitoka na simu mkononi, akasimama juani, akasoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Tumepokea maoni yako. Maoni yako ni muhimu kwetu. Tafadhali tuambie umeridhika kiasi gani, kuanzia nyota moja hadi tano. Na chini ya maneno hayo kulikuwa na picha ya barua iliyoandikwa kwa mkono.

"Mama, ulikwenda wapi jana?"

Akamwambia ukweli, kwa sababu alikuwa ameshakula chumvi nyingi mno kuanza kutunga uongo juani.

"Mimi nina miaka thelathini na miwili, mama."

"Najua. Nilikuwepo ulipozaliwa."

"Ulidhani utamkuta mtu?"

"Nilidhani nitamkuta mtu."

Kitindamimba aliketi kwenye ngazi ya jiko. Aibu ilikuwa imempanda mpaka masikioni, lakini hakuwa na nguvu ya kugomba. Akauliza angemwambia nini mtu huyo kama angemkuta. Mama akasema angemwambia mwanawe si mwizi. Naye akajibu kwamba hakuna aliyesema ni mwizi. Hakuna aliyesema chochote, na hilo ndilo lililomla moyo siku zote hizo, kwa sababu angejua hata uongo waliomzushia angepata pa kuanzia kuukataa.

Kisha, huku akitazama miguu yake, akaeleza jambo ambalo hakuwahi kulisema. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyefanya naye zamu, mshirika kama yeye, katika mji ambao hakuwahi kuuliza ni upi. Waliandikiana kila siku karibu mwaka mzima, kuhusu wateja wakorofi, kuhusu mtoto wa mwanamke huyo aliyekuwa na pumu. Asubuhi moja jina lake lilikuwa halipo. Wateja wake wakamwangukia yeye.

"Niliwajibu wote siku ileile, mama. Mmoja akaniuliza yule dada wa jana yuko wapi, nikamjibu kwamba nitafurahi kumsaidia. Sikumtafuta. Niliogopa nikiuliza sana na jina langu litafutwa."

Mama Stoo aliacha kuchambua mchele. Akasogeza ungo pembeni, akajifuta mikono kwa kanga, na kwa mara ya kwanza tangu atoke kiwandani akalisema lililokuwa limemkaa kifuani miaka tisa.

Kiwanda kilipouzwa na meneja mkali akaondoka, wenye kiwanda wapya waliamua kwamba wapakizi watatoka kwa wakala, kwa siku, kwa wiki, kama watakavyohitajika. Wapakizi wa zamani walikuwa thelathini na sita. Wiki moja kabla, karani alileta stoo orodha ya ovaroli na viatu vya kurudishwa, majina yote thelathini na sita, akamwambia afunge mdomo. Naye akaufunga. Wiki nzima aliwapa glavu kupitia dirishani, akataniana nao, akamsikiliza mmoja akieleza jinsi atakavyopaua nyumba yake mwezi ule. Ijumaa wakapanga foleni dirishani kurudisha viatu na ovaroli, nyingine bado mbichi kwa jasho, naye akaandika, jozi moja, jozi moja, jozi moja. Yule wa kupaua nyumba alipofika mbele alimwuliza kama na yeye hakusikia kitu.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sikusikia."

Jua lilisogea kwenye ukuta wa uani. Hawakulaumiana wala hawakufarijiana. Jirani alichungulia juu ya ua akitaka chumvi, akaona nyuso zao, akaamua chumvi anayo. Mwishowe Mama Stoo akauvuta ungo, na mwanawe akasogea akaketi upande wa pili, wakachambua mchele pamoja. Yeye hakuwa stadi wa kuchambua, mawe mengine aliyapita, lakini mama yake hakumsahihisha.

Akaunti ilifunguka siku ya kumi na tisa. Hakuna aliyempigia simu, hakuna aliyeeleza. Kitindamimba alijaribu neno lake la siri kwa mazoea tu, kama ulimi unaorudi kwenye jino lililong'oka, na kompyuta ikafunguka na kumwambia karibu tena. Zamu yake ilikuwa imehamishiwa mchana, na wateja wake wa zamani walikuwa wamegawiwa wengine. Mama Stoo alitaka kuamini kwamba barua yake imemfikia mtu mahali fulani, mtu mwenye mama. Mwanawe alidhani ni mashine iliyomfungia kwa makosa, na ni mashine iliyogundua. Hawakubishana. Siku zile alimkuta mama yake mara mbili ameishika ile nakala ya mkataba, akiitazama ile anwani ya ghorofa ya nne, kisha akiikunja.

Kitindamimba alirudi kazini, kwa sababu asingeweza kutorudi. Lakini hakurudi kama alivyokuwa. Zamani alipofunga kompyuta alitoka akinyoosha mgongo na kumsimulia mama yake vituko vya wateja. Sasa alitoka kimya, akala, akalala. Alianza kuandika maombi ya kazi nyingine wakati akingoja wateja, na hakuyaficha. Na asubuhi, kwa kuwa zamu ilikuwa ya mchana, akatafuta kibarua kwenye duka la vifaa vya ujenzi nyuma ya soko. Shahada ikabaki juu ya kabati.

Mwenye duka alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Siku ya tano kitindamimba alirudi nyumbani vumbi la saruji likiwa limemganda kwenye kope, akaketi jikoni, akasema leo amegombezwa. Mbele ya wateja. Alikuwa amechanganya misumari ya inchi tatu na ya inchi nne kwenye ndoo moja, na mzee alimwaga ndoo nzima sakafuni, akamwambia kama macho yake ni ya mapambo ayaache nyumbani.

"Ana haki?"

"Ana haki, mama. Nilichanganya."

Alilisema hilo kwa namna ambayo mama yake hakuisikia kwake miezi mingi, karibu kama mtu anayetaja zawadi. Wakatazamana, wakaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu Mama Stoo akalazimika kushika meza. Aliuliza mzee alifanya nini baadaye. Kitindamimba akasema baadaye walichambua misumari wote wawili, wakiwa wamechuchumaa, na mzee akawa anamlalamikia kuhusu mkwewe.

Kicheko kilipokwisha, uchovu ulirudi mahali pake. Magoti ya Mama Stoo yalikuwa yakimwuma tangu alfajiri, na mwanawe alikuwa na dakika ishirini za kuoga na kula kabla zamu ya mchana haijaanza. Duka lile halikuwa na mkataba wowote, na mzee alikuwa ameshadokeza kwamba mwaka ukiisha huenda akamwachia mpwa wake, naye mpwa ana watu wake. Kitindamimba alijua. Alimwambia mama yake kwamba anajua.

Alikula amesimama. Mama akamwuliza kama hawezi kupumzika hata leo, naye akatikisa kichwa, akachukua kikombe cha maji, akaingia chumbani na kurudisha mlango. Mama Stoo akaviweka vyombo kwenye beseni ili avioshe jioni, akatoka nje na kiti chake kidogo, akaketi kivulini upande wa ukuta wa chumba cha kitindamimba. Kupitia dirishani aliisikia sauti ya mwanawe, ya upole, ikimwuliza mtu wa mbali friji yake imeanza lini kutogandisha.